Mjukuu Wangu Hakuwa Zuzu, Alikuwa Hasikii

Wewe uliyempakata mtoto wako, ulimi umemtoka kidogo, macho yamepanda juu pembeni, na kila apitaye anakupa pole kana kwamba umefiwa, haya nakuandikia wewe. Sikuandikii kwa kuwa najua sana. Mie chuo cha Kurani nilikhitimu, skuli nikaishia darasa la nne, kisha nikapelekwa mashamba kuchuma karafuu. Lakini nilichokipitia nakijua, na hakuna aliyenikalisha kitako akanambia mapema. Angenambia mtu, mjukuu wangu asingekaa miaka yake ya mwanzo shimoni, watu wamemzunguka juu wanamcheka.

Jina lake Raya. Ni binti wa mwanangu Faki na mkewe Zulekha, na sote tulikuwa nyumba moja, Jadida, hapa Wete. Alizaliwa masika, mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani. Faki akamchukua, akamwadhinia sikio la kulia, akamkimia la kushoto, kama anavyofanyiwa kila mtoto wa Kiislamu. Mie nilisimama pale pale, nikaiona midomo ya mwanangu inatetemeka kwa furaha.

Furaha ile haikulala. Daktari alimkunjua Raya viganja, akautazama ule mstari mmoja uliokatiza katikati, akatwambia mtoto ana Daun sindromu. Ndivyo alivyoumbwa, akasema, hakuna aliyekosa. Faki akatoka nje. Mimi nahisi mpaka leo hajarudi ndani, japo mwili wake uliendelea kulala mle nyumbani kwa muda.

Moyo wa Raya ulipimwa. Macho yakapimwa. Shingo wakaitazama. Masikio hakuna aliyeyataja. Hilo liweke kichwani, ndugu yangu, kwa sababu ndilo lililonikalisha chini niandike.

Mtoto akakua polepole. Kukaa alichelewa, kutambaa akachelewa, na sisi tukasema haya, watu hawakimbii wote mbio moja. Ila ukimwita, haitiki. Unaita mpaka koo linakauka, yeye kageuka kule anacheza na ufagio. Jirani yangu Bi Saada, tuliyesoma naye chuo kimoja tukachapwa bakora moja, ana mdomo usio na mlango. Asubuhi akipita, kabla ya salamu, "Bi Mize, kizuzu chako hakijambo?" Mwanzo nilimjibu vibaya. Baadae nikachoka kujibu. Jina likashika uchochoro mzima, wakubwa na watoto. Zuzu kakaa, Zuzu kala mchanga, mtoeni Zuzu njiani gari inapita. Na Raya anawachekea wote.

Kisha masikio yakaanza kutoa usaha. Harufu yake siisahau, kama samaki aliyelala ndani ya kikapu. Mto wake tunauanika juani kila asubuhi, nzi wanaukimbilia. Mtoto anajigonga kichwa ukutani upande wa kulia, anagonga, anagonga, halafu anatutazama. Bi Saada akaleta mafuta ya nazi yaliyokaangiwa kitunguu thomu, dawa ya kila nyumba Pemba, akamtia mwenyewe matone ya moto moto. Shangazi yake Zulekha akaleta kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani, mtoto akanyweshwa. Usaha ukakauka, watu wakasema umeona? Ukarudi mwezi ulioandamana.

Siku niliyofumbuka macho ilikuwa msimu wa karafuu. Wasioijua kazi yetu niwaeleze kidogo. Karafuu ikishachambuliwa huanikwa juu ya majamvi, nje uwanjani, na karafuu iliyoanikwa ni kama mtoto mchanga, haiachwi peke yake. Ikinyeshewa imeharibika, rangi inakufa, na jasho lako lote limekwenda. Kwa hiyo wingu likitokea, wa mwanzo kuliona hupiga ukelele, "Mvuaaa!" Hapo huulizi ya nani. Kila aliye na miguu anakimbia, mtoto wa miaka miwili anajua, mbuzi wanajua. Jamvi linashikwa pembe zote, linakunjwa, linaingizwa ndani. Hata mliogombana jana, siku hiyo mnashika pembe.

Raya alikuwa amekaa katikati ya jamvi la Bi Saada, katupa mgongo, anachota karafuu anazimimina mapajani. Ukelele ukapigwa. Wanawake wakatoka, watoto wakatimka, kelele za kuangusha ukuta. Raya hakugeuza hata shingo. Wakanyanyua jamvi naye yu juu yake, akabiringika pamoja na karafuu, ndipo akashituka, akalia kilio cha mtu aliyeshikwa kwa nyuma gizani.

Bi Saada akacheka. "Na mvua yenyewe haijui! Zuzu kweli huyu."

Mie sikucheka wala sikugomba. Nilimchukua mtoto, karafuu zimemganda nyweleni, nikaingia naye ndani. Kilio kile kilinikaa. Mjinga halii vile. Vile hulia aliyeshitukizwa.

Nilikuwa nikijidanganya kwa kinu. Kila nikitwanga, Raya aligeuka akacheka, nami nikisema si anasikia, mbona kinu anakisikia. Siku ile nikamweka juu ya kitanda, nikatwanga. Kimya, anacheza na vidole vyake. Nikamshusha sakafuni, nikatwanga. Akageuka akacheka. Nikampandisha tena kitandani, nikatwanga mpaka mchi unataka kupasuka. Hana habari. Mjukuu wangu alikuwa akisikia kwa makalio.

Zulekha akatoka jikoni. "Mama, unatwanga nini na kinu hakina kitu?"

"Njoo hapa. Kaa mbele yake umchekeshe, usimwambie neno."

Nikachukua sinia na mwiko, nikasimama nyuma ya kichwa cha mtoto, nikapiga. Kuku walikimbia uani. Bi Saada akauliza kwa sauti kama tuna arusi. Raya anamtazama mama yake, anacheka, kope haikupepesa.

Zulekha alijiziba mdomo kwa kanga. Alipoweza kusema, alisema hivi: "Mama, siku zote hizi nilikuwa nikimwimbia nani?"

Niliweka sinia chini, nikampakata mtoto. 

Hospitali tulikwenda kesho yake, na kuanzia hapo maisha yetu yakawa mabenchi. Ukitaka kuijua dunia, kaa benchi la hospitali na mtoto kama Raya. Watasogea wakupe nafasi, halafu utaona hawakusogea kwa huruma, wamesogea wasigusane nawe. Mama mmoja mjamzito aliinuka kabisa akaenda kusimama juani. Nikamwambia, "Mwanangu, haiambukizi kwa macho," akajifanya hakusikia. Huyo masikio yake yalikuwa mazima.

Nesi wa mwanzo alimtazama Raya, hakuyatazama masikio. "Bibi, watoto hawa ndivyo walivyo. Ukimwita haitiki, si masikio hayo, ni akili."

"Akili yake sikuileta, mama. Nimeleta masikio. Yatazame."

Benchi zima likacheka, naye akanuna, lakini aliandika twende kwa daktari. Daktari akasema tundu za masikio ya mtoto ni nyembamba mno na nta imejaa, na mafuta tuliyotia yameikandika. Tukapewa matone. Tukarudi, tukapewa matone mengine. Vuli ikaisha, kaskazi ikaja na joto lake, masika yakaingia, sisi tumo, matone, dawa ya kunywa, rudini tena. Usaha unakauka unarudi. Kila tukirudi ni mtu mpya, na kila mpya anaanza na yale yale, ndivyo walivyo watoto hawa. Ukilisikia neno hilo, ndugu yangu, usiinuke. Kaa hapo hapo. Mwambie nimesikia ndivyo alivyo, sasa mpime.

Kipupwe tulipata khabari kuwa daktari wa masikio atakuja Chake Chake. Tukafika asubuhi, watu wameshajaa mpaka upenuni. Hapo nilipata rehema yangu ya mwanzo. Mwanamke wa Tibirinzi, Bi Sharifa, alikuwa na mjukuu kama wangu, uso ule ule, ungedhani wamezaliwa tumbo moja. Mtoto huyo anaitwa Nassor. Alinitazama, nikamtazama, akasogea. Huyu alisogea kukaribia.

"Wangu kaitumbukiza simu ya babu yake ndani ya mchuzi," akasema bila ya salamu. "Wako je?"

"Wangu kampaka mbuzi wa jirani wanja."

"Mbuzi alipendeza?"

"Kuliko mwenyewe jirani."

Tulicheka mpaka tukanyamazishwa. Sikuwa nimecheka vile tokea Raya azaliwe. Akanigawia mkate wa mofa, akanambia la maana kuliko yote niliyoambiwa na watu wa koti jeupe. Nassor naye alikuwa hasikii, na kwao pia walidhani ukaidi. Babu yake alimchapa kwa kutoitika. "Siku tuliyojua," akasema, "mzee aliingia chumbani akafunga mlango, hakula." Akaukata mkate vipande. "Nami sikumgongea."

Daktari wa masikio alikuwa mtu wa maneno machache. Alichungulia, akachungulia tena. Akasema nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili, kumejaa maji mazito.

"Mazito kama nini, baba?"

"Kama gundi, bibi. Sauti inafika imekufa. Ni kama wewe uitwe nawe umezama ndani ya kisima. Watoto wa Daun wengi huwa nayo, mirija yao ya ndani ni midogo. Alitakiwa apimwe tokea mchanga, na apimwe tena na tena."

"Alitakiwa na nani?"

Akainama akaandika. Lakini alipoinua uso alisema neno moja lililonichoma na kunisimamisha. "Msichelewe. Huu ndio umri wa kushika maneno. Asipoyasikia sasa, baadae yatamkataa." Hapo ndipo nilipoijua vita yangu. Tulikuwa tunashindana na ulimi wa mtoto, usije ukafungika moja kwa moja.

Karatasi ikasema tuvuke Unguja kwa kipimo. Faki wakati huo alishaoa mke wa pili, huko Madungu, anaonekana kwetu kama mwezi mwandamo. Alikuja nikamwambia. Akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Mama, za nini safari zote hizo? Tuseme kasikia. Atakuwa nani?"

"Atakuwa mtu anayesikia."

"Tumuachie Mungu, mama."

"Jino lilipokuuma ulimuachia Mungu? Ulilia usiku kucha, asubuhi ukaenda kung'oa."

Akainuka. Zulekha alikuwa mlangoni na tumbo la mtoto wa pili, anasikia yote. Faki alipoondoka, Zulekha aliniuliza, "Mama, na huyu akitoka hivi hivi?" Nikamwambia akitoka hivi hivi tutampima masikio siku ya saba, kabla ya akika. Akacheka na machozi. Hiyo ndiyo ndoa aliyompa mwanangu, na mimi ndiye niliyekwenda kumposea. Ndugu za Faki wakasema Bi Mize kamchagua mkaza mwana kamwacha mwana. Waseme. Mwana alikuwa na miguu ya kurudi.

Namna tulivyovuka sitaisimulia, kila mwenye mgonjwa anajua watu wanavyovuka. Melini nilitapika mpaka nikasoma shahada. Raya alikuwa anacheka na abiria. Tukafika kwenye chumba cha kipimo, kidogo, kuta zake zimevishwa kama godoro. Mtoto alitakiwa atulie. Akavua vile vya kuvaa masikioni, akamvisha mpimaji. Tukaambiwa mafua pia yamezidi, rudini akipona. Bahari yote ile! Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia kama mtoto, mtu mzima mimi, na buibui langu.

Tulirudi baada ya Ramadhani. Safari hii alipimwa akiwa usingizini, kwa waya. Jibu lilikuwa lile lile, maji, na yameshakaa muda mrefu mno. Wakatutuma Dar es Salaam akatobolewe ngoma za masikio, awekwe vibomba vidogo, maji yatoke na hewa iingie. Kibomba chenyewe nilioneshwa. Chembe ya mtama ni kubwa. Nikasema miaka yote hii, kwa kitu kidogo kama hiki?

Siku ya kupasuliwa walimchukua mikononi mwangu amevaa kanzu ya hospitali anayoiburura. Alinipungia mkono. Alidhani anakwenda kucheza. Zulekha alikuwa na kichanga kifuani, kilichozaliwa salama, anamnyonyesha huyu anamlilia yule. Waliporudi naye alikuwa amelala, pamba masikioni, damu na ute vimechanganyika, uso umevimba. Nikamgusa nyayo. Za baridi.

Jioni yake, wodini, mtu wa kugawa uji akaangusha bakuli la bati. Lilipiga sakafu likazunguka, kangara kangara. Raya, kichwa juu ya mto, akafumbua macho akapiga yowe. Wenye wagonjwa wakaguna, jamani nyamazisheni mtoto. Sisi wawili tumeshikana, tunacheka, tunalia. Mkwe na mkaza mwana, kanga zimelowa. Alikuwa juu ya kitanda! Si sakafuni, juu ya kitanda!

Usidhani kusikia ni sherehe tu. Mtoto aliyezoea ukimya, ukimfungulia dunia yote kwa mara moja anaiogopa. Jogoo alimliza. Pikipiki ilimliza. Mvua ya kwanza ilipopiga bati letu aliingia chini ya kanga yangu akaning'ang'ania kiunoni, na hapo nikakumbuka alizaliwa ndani ya mvua kama ile, na baba yake akamwadhinia. Ndipo nikapata wazo.

Nilikwenda kwa shehe wetu. Nikamwambia, "Shehe, nataka baba yake aje amwadhinie Raya upya."

"Bi Mize, adhana ya mtoto ni ya kuzaliwa. Ilisomwa, Mungu kaisikia."

"Mungu kasikia, Shehe, najua. Nataka asikie mtoto."

Akachezea tasbihi. Kisha akasema baba kumsomea mwanawe adhana sikioni hakuna dhambi, aje. Nikampigia Faki simu. Akasema In shaa Allah, Ijumaa. Zulekha akamvisha Raya gauni la Idi, akamsuka. Tukakaa barazani. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Jua lilipozama simu ikalia, kapata udhuru. Sikumuuliza udhuru gani.

Magharibi ile ile nilimbeba mtoto mpaka dirishani. Muadhini akaanza. Raya akageuza uso upande wa msikiti, akainua kidole juu, akalishika sikio lake kama anayetaka kutuonesha. Gauni la Idi limekunjamana. Nikasema haya, mwanangu, huyo naye kakuadhinia, baba zako ni wengi.

Vibomba havikai milele. Hili nawe ulijue mapema usije ukavunjika moyo kama sisi. Cha kushoto kilidondoka chenyewe kabla ya mwaka, usaha ukarudi, mabenchi yakarudi. Tukakatazwa kumkogesha maji yakaingia masikioni. Mwisho akapewa mashine za kusikia, zimefungwa kwenye ukanda wa kichwani, kwa sababu masikio yake madogo hayashiki kitu. Alizitupa kisimani, tukazitoa. Mbuzi aliutafuna ukanda. Tulijifunza kumkalia mbele ya uso, kusema neno moja moja, kumwonesha kitu na jina lake. Maji. Wali. Paka. Zulekha alimwimbia nyimbo zile zile za mwanzo, zote, akaanza upya kana kwamba mtoto kazaliwa jana. Maneno yakaanza kuja, yamekatika kama uzi wa ushanga, lakini yanakuja. Mama. Paka. Mimi nikawa Bi. Sikutaka zaidi.

Uchochoroni wakambadilishia heshima. Akawa Zuzu wa Redio.

Na hapa ndipo pana uchungu wangu, na hakuna daktari aliyenionya. Siku moja nipo mlangoni nachagua mchele, mtoto wa jirani akapita na tairi lake, akaita, "We Zuzu!" Raya akageuka, uso umemng'ara. Akasema, "Abee."

Neno tulilomfundisha mwezi mzima, mimi na mama yake, ndani ya chumba, kwa subira na vipande vya kashata. Uitwapo, sema abee. Akalijua. Akalitoa hapo. Jina la tusi lilikuwa limepigiwa kelele nje tokea asubuhi hadi jioni na uchochoro mzima, na la kwetu tulilisema sisi wawili tu. Vibomba, meli, damu ya ngoma za masikio, mtoto kafunguliwa mlango, na la kwanza kuingia ni hilo. Zamani walitukana hewa. Sasa lilikuwa linafika.

Sikumwambia mtu. Nililiweka.

Msimu wa karafuu ukaja. Mwaka huu zilijaa, majamvi yamefunika uwanja mzima kati ya nyumba zetu. Lililo karibu na mlango wangu ni la Bi Saada, karafuu zake zimeanza kukauka, nyekundu nzuri ya kahawia. Raya amechutama pembeni, katupa mgongo, mashine kichwani, anapanga makonyo, vile vikonyo vya karafuu, chini. Wingu likaja kutoka upande wa Kojani, jeusi, na upepo wake mbele. Bi Saada akapiga ukelele.

"Mvuaaa!"

Na Raya akainua kichwa. Kabla ya mtu kumgusa, kabla ya jamvi kusogea, aliinua kichwa, akatazama juu, akasimama.  Nilitaka kuwaita watu waone. Lakini Bi Saada alishawahi.

"Zuzu! We Zuzu, shika pembe hiyo!"

"Abee," akasema Raya, akainama kushika.

Mimi nikatoka, nikapanda juu ya jamvi la Bi Saada, nikasimama katikati ya karafuu zake.

"Bi Mize! Shuka, tukunje, mvua hiyo!"

"Jamvi hili halinyanyuki."

"Una wazimu?"

"Mtoto ana jina. Halinyanyuki mpaka uliite."

Watu wamekimbia huku na huku na majamvi yao, wengine wamesimama wametukodolea. Tone la mwanzo likaniangukia shingoni. Karafuu nazo zikaanza kupata madoa meusi, moja hapa, moja pale.

"Bi Mize, la mapenzi tu hilo! La utani!"

"La mapenzi mwite mwanao."

"Karafuu zangu! Jasho langu! Mche Mungu!"

"Huyu anasikia, Saada. Nimevuka bahari asikie. Hukulijua hilo? Basi lijue. Zamani ulisema utakavyo, sasa kila neno linaingia na halitoki. Mwite."

Matone yakazidi. Mume wake anapiga kelele kule, sisi tunatazamana, wazee wawili tuliochapwa bakora moja. Raya ameshika pembe yake kwa mikono miwili, anasubiri, hajui kwa nini hatuinui.

"Raya," akasema Bi Saada.

"Hiyo sauti hata mimi sikuisikia."

"Raya! Raya mwanangu, shika jamvi!"

"Abee!" akasema Raya, na akavuta kwa nguvu zake zote mpaka akakaa kitako.

Nikashuka. Tulikunja pamoja, tukakimbia pamoja. Nyingine zilinyeshewa, sitasema hazikunyeshewa. Bi Saada alinitangaza uchochoro wote kuwa mimi ni roho mbaya, na mwanangu Faki akapiga simu kunambia nimemwaibisha. Kwa hilo aliipata nafasi ya kupiga.

Daktari anasema masikio ya Raya yatakuwa ya kupimwa maisha yake yote. Maneno yake hayatakuwa kama ya watoto wengine, tulichelewa. Hilo nalilala nalo na kuamka nalo, na ninajua ni nani walioniambia ndivyo walivyo watoto hawa. Wewe wako mpime sasa, kabla hujamaliza kusoma haya. Na siku masikio yake yakifunguka, usitoke nje kushangilia kwanza. Toka uwaambie majirani kuwa sasa anawasikia.

Bi Saada mimi hanisalimii tena. Asubuhi akipita mlangoni kwangu hutazama mbele, shingo imekakamaa, kisha anasema, "Hujambo, Raya." Hulisema kama anayemeza shubiri.

Na ameze.